Dawa ya kokeini bado inatafutwa, msidanganywe

Na DAKTARI WETU

HAKUNA kidonge, sindano wala chanjo yoyote ambayo imethibitishwa na kuidhinishwa kuwa inatibu uraibu wa kokeini. Naanza kwa maneno haya makavu kwa sababu wazazi wengi wanaomleta kijana aliyenaswa na unga huo huja na swali moja tu: "Daktari, utamwandikia dawa gani?" Baadhi yao huwa tayari wameuza gari au kipande cha shamba, na pesa zimekwenda kwa mtu aliyewaahidi kwamba kijana angepona kwa wiki 2 kwa "dawa mpya kutoka ng'ambo".

Ni swali la haki. Mgonjwa wa malaria hupewa dawa ya malaria. Mwenye kifua kikuu hupewa vidonge vya miezi kadhaa, akavimaliza na akapona. Hata mraibu wa heroini siku hizi hupewa metadoni katika hospitali ya umma. Mbona huyu wa kokeini arudishwe nyumbani na maneno matupu?

Jibu linahitaji subira kidogo, msomaji. Tangu miaka ya themanini, wanasayansi, hasa wa Marekani, wamejaribu makumi ya dawa dhidi ya uraibu huu. Nyingi zilianza kwa matumaini makubwa na kuishia kwa masikitiko. Maoni yangu ni kwamba kila familia inayouguza mraibu inastahili kuijua historia hiyo, kwa sababu mbili. Kwanza, inatufundisha kutofautisha dawa iliyojaribiwa na dawa inayouzwa kwa porojo. Pili, inatuonyesha kwamba ipo tiba isiyokuwa ya kidonge, ambayo imejaribiwa na kufaulu, na ambayo sisi hapa Kenya hatujaipa nafasi inayostahili.

Wapo watakaosema kokeini si tatizo letu. Ni kweli kwamba pombe, bangi na heroini zinatuletea wagonjwa wengi zaidi. Lakini tukumbuke kwamba Desemba 2004 polisi walinasa zaidi ya tani moja ya kokeini Malindi na Nairobi, shehena iliyokadiriwa kuwa ya thamani ya Sh6.4 bilioni, na ikateketezwa Machi 2006. Mzigo kama huo husemwa kwamba unapita tu kuelekea Ulaya. Mahali panapopita magunia hapakosi kumwagika nafaka, na wanaookota hapa kwetu ni vijana wenye kazi nzuri na pesa mfukoni.

Madaktari wawili wa Vienna

Mnamo 1860 mkemia wa Ujerumani, Albert Niemann, alichapisha maelezo ya jinsi alivyotenga kokeini kutoka kwa majani ya koka, ambayo wenyeji wa milima ya Andes kule Amerika Kusini wameyatafuna tangu jadi, kama vile baadhi yetu tunavyotafuna miraa. Miaka 24 baadaye, katika mwaka wa 1884, madaktari wawili vijana wa mji wa Vienna waliishughulikia kokeini kwa njia mbili tofauti kabisa.

Wa kwanza alikuwa Karl Koller. Aligundua kwamba kokeini inatia ganzi. Akaidondosha katika macho ya wanyama, kisha katika jicho lake mwenyewe, akaligusa ili aone kama angehisi. Hakuhisi kitu. Jambo hilo lingeweza kurudiwa na daktari yeyote mahali popote na matokeo yakawa yale yale. Hivyo ndivyo upasuaji wa macho bila maumivu ulivyoanza.

Wa pili alikuwa Sigmund Freud, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa nadharia zake kuhusu akili ya binadamu. Freud aliandika makala ya kuisifu kokeini, na miongoni mwa aliyodai ni kwamba ingeweza kumtoa mtu katika utumwa wa mofini. Alikuwa amempa rafiki yake, Ernst von Fleischl-Marxow, msomi aliyezoea mofini kwa sababu ya maumivu makali yaliyofuata kukatwa kidole gumba. Mwanzoni rafiki huyo alionekana kupata nafuu. Kisha akawa mtumwa wa dawa mbili badala ya moja. Alifariki mwaka wa 1891 akiwa na umri wa miaka 45.

Madaktari hao waliishi mji mmoja, wakashughulikia dawa moja katika mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba Koller aliipima dawa yake kabla ya kuitangaza, naye Freud akatangaza kabla ya kupima. Ninawataja kwa sababu anayekuuzia "dawa ya kuacha unga" leo anafuata nyayo za Freud, tena bila elimu ya Freud.

Sinki lililoziba

Ili kuelewa ni kwa nini dawa ya kokeini ni ngumu kupatikana, hebu tuangalie inavyofanya kazi kichwani. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini. Mtu mwenye njaa akipata chakula, mwanafunzi akisifiwa, au mama akimpakata mwanawe, seli fulani za ubongo hutoa dopamini, na mtu akasikia kwamba jambo hilo ni zuri na linafaa kurudiwa. Kazi hiyo ikiisha, pampu ndogo zilizo katika seli hizo huinyonya dopamini na kuirudisha ndani.

Kokeini huziba pampu hizo. Dopamini hujaa kama maji katika sinki ambalo tundu lake limeziba, na mtu husikia raha isiyokuwa na sababu. Akiinusa, raha hiyo hudumu kati ya dakika 15 na 30 hivi. Akiivuta kama moshi, ni dakika 5 hadi 10 tu. Halafu huja mporomoko: uchovu, huzuni, hasira na hamu ya kurudia. Akiendelea kwa miezi, ubongo huzoea mafuriko hayo, na mambo ya kawaida kama chakula, mpira au watoto hayampi tena ladha. Mtu wa namna hii hakosi adabu peke yake. Mashine yake ya kupima kizuri na kibaya imeharibika.

Heroini hufanya kazi kwa njia nyingine. Huingia katika vipokezi maalumu vya ubongo kama ufunguo katika kufuli. Kwa hiyo inawezekana kutafuta ufunguo mwingine unaoingia katika kufuli hiyo hiyo lakini unafungua polepole, bila kulevya kwa kishindo. Ufunguo huo ni metadoni. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha matokeo yao mwaka wa 1965, na Desemba 2014 matibabu hayo yalianza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha yakafika Pwani. Leo wapo Wakenya wanaofanya kazi na kulea watoto kwa sababu kila asubuhi wanakunywa metadoni mbele ya muuguzi.

Kwa kokeini hakuna kufuli ya namna hiyo. Kuna pampu iliyozibwa. Ukitengeneza dawa ya kuizuia kokeini isiishike pampu, huenda dawa yenyewe ikaiziba, na ukawa umempa mgonjwa kokeini kwa jina jingine.

Matumaini na masikitiko

Hata hivyo watafiti hawakukata tamaa. Kokeini ya kuvuta ilipoenea katika miji ya Marekani katika miaka ya themanini, serikali ya nchi hiyo ilitoa fedha nyingi kwa utafiti wa dawa. Nitataja mifano michache tu.

Mwaka wa 1989 yalichapishwa matokeo ya desipramini, dawa ya kutibu huzuni iliyozidi. Waliojaribiwa walikuwa 72, kwa wiki 6. Kati ya waliopewa desipramini, asilimia 59 walikaa bila kokeini kwa wiki 3 hadi 4 mfululizo, ilhali waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani waliofika hapo walikuwa asilimia 17 tu. Madaktari wengi walianza kuiandika. Kisha wengine wakairudia kazi hiyo kwa wagonjwa wao, na ile tofauti kubwa haikuonekana tena.

Ikafuata disulfiramu, dawa ambayo tangu 1951 imeidhinishwa Marekani kwa walevi wa pombe, kwani mtu akiimeza kisha akanywa, hutapika na kuumwa kichwa. Katika miaka ya tisini ilionekana kama inawasaidia pia watumiaji wa kokeini. Majaribio yaliyofuata yalitoa majibu yanayogongana. Isitoshe, disulfiramu huichelewesha kokeini kutoka mwilini, jambo ambalo si salama kwa moyo wa mtu atakayeendelea kutumia.

Modafinili, dawa ya watu wanaoshikwa na usingizi wa ghafla mchana, ilijaribiwa huko Philadelphia kwa watu 62, na matokeo ya 2005 yakatia moyo. Majaribio mawili makubwa zaidi, kila moja likiwa na watu zaidi ya 200, yalichapishwa 2009 na 2012. Kwa jumla, waliopewa dawa hawakuwashinda waliopewa kidonge kitupu.

Chanjo nayo ilivutia magazeti mengi. Molekuli ya kokeini ni ndogo mno hata kinga ya mwili haiioni, basi wataalamu wakaibandika kwenye sehemu isiyodhuru ya sumu ya kipindupindu, ili mwili uitambue na kutengeneza kingamwili za kuikamata kabla haijafika kwenye ubongo. Jaribio lililotangazwa mwaka wa 2009 lilihusisha watu 115. Kati ya waliochanjwa, ni asilimia 38 tu waliopata kingamwili za kutosha, na hao ndio waliopunguza kutumia. Chanjo hiyo ilipojaribiwa kwa watu 300 katika vituo kadhaa, matokeo yaliyochapishwa 2014 hayakufikia lengo. Brazil pia ina chanjo yake, Calixcoca, iliyobuniwa katika chuo kikuu cha jimbo la Minas Gerais na kutunukiwa tuzo ya kimataifa mwaka wa 2023. Wakati wa tuzo hiyo ilikuwa imejaribiwa kwa wanyama tu.

Sisemi kwamba mlango umefungwa. Watafiti wengine wanajaribu dawa za jamii ya amfetamini zinazotoka polepole mwilini, kwa wazo linalofanana na lile la metadoni, na zimeonyesha dalili nzuri kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini dalili nzuri ndiyo ile ile tuliyoiona kwa desipramini. Hakuna iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo.

Kwa nini dawa huanguka

Msomaji atauliza: inakuwaje dawa ifaulu kwa watu 60 na ishindwe kwa 200? Je, wa kwanza walidanganya?

La. Kuna sababu nyingine. Mraibu huja kutafuta matibabu siku ambayo mambo yamemharibikia kabisa: amefutwa kazi, mke ameondoka, au amepata mshtuko wa moyo. Hata asipopewa kitu, wiki chache baadaye huenda akatumia kidogo kuliko siku hiyo mbaya. Ukimpa kidonge chochote katikati, kidonge ndicho kitakachopata sifa.

Pia, katika majaribio haya wote hupata ushauri nasaha, hupimwa mkojo, na huonana na watu wanaowajali kila wiki. Hayo peke yake humsaidia mtu. Ndiyo maana lazima pawe na kundi la pili linalopata yote hayo pamoja na kidonge kitupu, na ni lazima mgonjwa na daktari wote wasijue nani amepewa kipi. Bila kundi hilo, huwezi kujua kama kilichofanya kazi ni dawa au ni yule muuguzi mwenye roho nzuri.

Jambo la tatu ni wanaotoroka. Wengi huacha jaribio katikati, na mara nyingi ni wale waliorudia kutumia. Ukiwahesabu waliobaki tu, dawa yoyote itang'aa. Mwenye kituo anayekwambia "wote waliomaliza programu yetu walipona" hakudanganyi kwa alichosema. Anakudanganya kwa alichokiacha, yaani ni wangapi walianza.

Kwa hivyo jaribio linaloonyesha kwamba dawa haifai si hasara. Limetuokoa sisi sote tusimeze na kulipia kitu kisichosaidia. Ninawastahi sana wale wagonjwa, wengi wao watu maskini wa miji ya Marekani, waliokubali kumeza vidonge bila kujua kama vina dawa ndani, ili mimi na wewe tujue ukweli.

Tiba isiyo kidonge

Wakati vidonge vikianguka kimoja baada ya kingine, mwanasaikolojia Stephen Higgins wa Chuo Kikuu cha Vermont alikuwa akijaribu jambo ambalo wengi walilicheka. Mgonjwa alipimwa mkojo mara 3 kwa wiki. Mkojo ukiwa safi, alipata hati yenye thamani ya dola 2 na nusu. Ukiwa safi tena, thamani iliongezeka, na ikaendelea kupanda kila mara. Ukionyesha kokeini, hesabu ilirudi mwanzo. Hakupewa pesa taslimu. Hati alibadilisha kwa bidhaa au huduma za kumsaidia kujenga maisha mapya, na aliyekuwa safi kwa wiki 12 zote angefikisha karibu dola 1,000.

Matokeo ya 1994 yalihusu watu 40. Wote walipata ushauri nasaha, nusu yao wakaongezewa hati hizo. Waliopata hati na kudumu katika matibabu kwa wiki 24 walikuwa asilimia 75. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 40. Waliopata hati pia walikaa bila kokeini mfululizo kwa muda wa karibu mara mbili zaidi.

Naam, hilo nalo lilikuwa jaribio dogo, na nimewaonya kuhusu majaribio madogo. Tofauti ni kwamba hili lilirudiwa mahali pengi, na matokeo yakaendelea kusimama. Hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani zilianza kulitumia kwa upana mwaka wa 2011, na jimbo la California likaliingiza katika bima ya afya ya watu wa kipato cha chini mwaka wa 2023. Upungufu wake nausema pia: zawadi zikikoma, wapo wanaorudi nyuma. Lakini miezi ya kukaa safi si kitu kidogo. Ndiyo nafasi ambayo ubongo hupata kutulia, mtu akarudi kazini na akapatana na jamaa zake.

Najua kuna msomaji anayenung'unika: "Yaani tuwalipe watumiaji wa mihadarati kwa kuacha makosa waliyoyaanza wenyewe, na sisi tusiotumia tupate nini?" Namwelewa. Lakini huyo huyo humwahidi mwanawe baiskeli akifaulu mtihani. Mwajiri wake humwongezea marupurupu akifanya vizuri. Binadamu wote hufuata tuzo iliyo karibu. Kokeini inamtuza mraibu kwa dakika chache tu baada ya kuinusa, ilhali sisi tunamwambia aache ili afaidike baada ya miaka 10. Hati ya Higgins inaleta tuzo ya kuacha karibu, leo hii, mkononi. Na mwenye kuhesabu gharama aweke pia gharama ya kumlaza kijana wa miaka 30 hospitalini kwa mshtuko wa moyo, au kumweka jela.

Tufanye nini hapa kwetu

Pendekezo langu ni kwamba tusiketi tukingoja kidonge. Zahanati zetu za metadoni tayari zina wauguzi, washauri na vifaa vya kupimia mkojo, na wagonjwa hufika huko kila siku. Ningependa kuona vyuo vyetu vikuu na taasisi ya KEMRI zikijaribu mpango wa zawadi katika zahanati kama hizo, kwa watumiaji wa kokeini na wa dawa nyingine zisizo na metadoni yake. Si lazima ziwe zawadi za dola 1,000. Nauli ya matatu, unga wa ugali, karo kidogo ya mtoto au ada ya kozi ya ufundi ni vitu ambavyo Mkenya anavithamini. Pengine kwetu utafaulu, pengine hautafaulu. Njia ya kujua ni kuupima kwa haki, tukiwa na kundi la kulinganisha, na kuwahesabu hata waliotoroka.

Na siku dawa mpya ya kokeini itakapokaribia kupatikana, nataka Wakenya wawemo katika majaribio yake. Miili yetu, vyakula vyetu na dawa nyingine tunazotumia si sawa na za mtu wa Philadelphia. Ila wawemo kwa hiari, wakielezwa kwa lugha wanayoielewa, na kwa idhini ya kamati ya maadili na ya Bodi ya Dawa na Sumu.

Kwa sasa, mzazi au mwenzi anayeahidiwa tiba, kabla hujatoa hata shilingi, uliza maswali haya:

1. Dawa hii inaitwaje, na je, imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu? Chupa isiyo na jina usiiguse.

2. Imejaribiwa kwa watu wangapi, na walilinganishwa na nani?

3. Kati ya wote walioanza, si waliomaliza tu, ni wangapi walikuwa safi baada ya miezi 6, na mkojo ulipimwa na nani?

4. Kama ni dawa iliyo katika majaribio, mbona ninatozwa pesa? Mtafiti wa kweli hamuuzii mgonjwa dawa ambayo bado anaijaribu.

5. Mgonjwa atafuatwa na nani akisharudi nyumbani?

Anayekasirika kwa kuulizwa hayo amekwisha kukujibu.

Kukosekana kwa dawa ya kokeini hakumaanishi kwamba daktari hana la kufanya. Tunaweza kuupima moyo na shinikizo la damu, maana kokeini hubana mishipa ya moyo hata kwa vijana. Tunaweza kutibu huzuni na kukosa usingizi. Siku za kwanza baada ya kuacha ni za hatari kwa sababu ya huzuni hiyo: asiachwe peke yake, na akizungumza juu ya kujiua mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo. Pombe nayo aiache, kwa kuwa pombe na kokeini zikikutana mwilini hutengeneza kemikali ya tatu inayozidi kuuchosha moyo. Kumfungia chumbani na kumlaza kwa vidonge vya usingizi kwa wiki nzima si tiba. Akiamka atakuwa na uraibu ule ule, na pengine wa vidonge hivyo pia.

Mfa maji haachi kutapatapa, na familia yenye mraibu ni kama mtu aliye majini. Siwalaumu kwa kushika kila kinachoelea. Ninachowaomba ni kwamba pesa za shamba zisiende kwa mwenye chupa isiyo na jina. Zilipieni nauli ya kumfikisha kwa mshauri kila wiki, kipimo cha mkojo, na zawadi ndogo kila anapokuwa safi. Tena akianguka, kwa maana wengi huanguka kabla ya kusimama, mrudisheni kwa mshauri kesho yake asubuhi na kuanza kuhesabu upya.